Kiriba Ina Wapiga Kasia, Haina Maji Yaliyopimwa

Ndugu msomaji, ikiwa umepata kusimama alfajiri kwenye mwalo wowote wa Majita, mkoani Mara, wakati mitumbwi ya dagaa inaporejea kutoka ziwani, huhitaji kuambiwa na mtu kwamba watu wa huko wanajua kupiga kasia. Wavuvi waliokesha usiku kucha, wakiwa wamelowa na wenye usingizi machoni, huleta ufukoni chombo kizito chenye nyavu, taa na samaki, na hukileta kikiwa kimenyooka kama kilichovutwa kwa uzi. Siku hizi mitumbwi mingi ina mashine. Lakini mafuta yakiisha au mashine ikigoma katikati ya ziwa, kinachomrudisha mtu kwa watoto wake ni mikono yake mwenyewe na ubao ule mwembamba alioushika.

Kata ya Kiriba, iliyo katika Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, ina vijiji vitatu: Kiriba, Bwai Kwitururu na Bwai Kumusoma. Ni watu wa jembe na wa ziwa kwa pamoja. Mtoto wa huko hujifunza kasia kama vile mtoto wa mjini anavyojifunza kuendesha baiskeli: hakuna anayemfundisha kwa mpango, ila siku moja mzazi hugundua kwamba mwana anajua. Ukimwuliza kijana huyo ana mbio kiasi gani akiwa ndani ya mtumbwi, atakuambia amemshinda fulani wa kijiji cha jirani. Huo ndio mwisho wa kipimo chake. Hana namna ya kukuambia zaidi, na kosa si lake.

Hebu tulinganishe na mchezo mwingine. Mwaka 1980, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Moscow, mwana wa Majita aitwaye Suleiman Nyambui alitwaa medali ya fedha katika mbio za mita 5,000. Aliyemtangulia alikuwa Miruts Yifter wa Ethiopia, na kati yao haikupita hata sekunde moja nzima. Medali hiyo, pamoja na ile ya fedha aliyoipata Filbert Bayi katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji katika michezo hiyo hiyo, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata mpaka sasa. Nyambui alikuwa na kipaji, alikuwa na bidii, na hayo hayana mjadala. Lakini alikuwa pia na jambo ambalo mpiga kasia wa kwao hana. Uwanja wa kukimbilia una mita 400 kwa mzunguko mmoja, uwe Musoma, uwe Dar es Salaam, uwe Moscow. Mizunguko 12 na nusu ni mita 5,000 popote duniani. Mtu akishika saa mkononi anaweza kujua, bila kupanda ndege, kijana huyu wa kijijini yuko mbali kiasi gani na wakubwa wa dunia.

Mpiga kasia hana mzunguko wa mita 400. Ana ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,000, lililojaa mawimbi, na ambalo leo si kama jana. Katika orodha ya Watanzania waliokwenda Olimpiki utawakuta wakimbiaji, mabondia, waogeleaji, hata wachezaji wa mpira wa magongo mwaka ule wa 1980. Wapiga kasia hawamo, ingawa nchi yetu imezungukwa na maji pande tatu: Victoria, Tanganyika na Nyasa, na bahari juu yake.

Basi huko Moscow, mbali kidogo na uwanja aliokimbilia Nyambui, palikuwa na uwanja wa namna nyingine. Mahali panapoitwa Krylatskoye, pembeni ya mto wa Moscow, Warusi walikuwa wamechimba mfereji mnyoofu mwaka 1973 kwa ajili ya mashindano ya Ulaya ya kupiga makasia. Haukuchimbwa kwa ajili ya kumwagilia mashamba wala kupitisha meli za mizigo. Ulichimbwa ili watu washindane, basi. Katika Olimpiki ya 1980 Wajerumani Mashariki walipiga makasia humo na kuondoka na dhahabu 11 kati ya 14 zilizoshindaniwa.

Yamkini utajiuliza: kwa nini watu wenye mito na maziwa wahangaike kuchimba maji mengine? Jibu lake ndilo kiini cha mchezo wenyewe. Mtoni maji hutembea, na hayatembei sawa. Katikati yana kasi, kando yamelala. Ziwani upepo hupiga upande mmoja kabla ya mwingine. Penye kina kifupi wimbi linalotokana na chombo hugonga chini na kukirudisha chombo nyuma, hata mpigaji akahisi kana kwamba kuna mtu ameshikilia tezi. Kwa hiyo mtu anaweza kushinda kwa sababu alipangiwa maji mazuri. Uwanja wa kuchimbwa ni jaribio la kuondoa bahati hiyo, ili aliye mbele awe mbele kwa mikono yake.

Vipimo vyake havina siri. Kwa mashindano ya kimataifa ya kupiga makasia, njia ni ya mita 2,000, imenyooka, isiyo na mkondo wa maji. Zinatakiwa njia sita kwa uchache, na mara nyingi hutengenezwa nane, kila moja ikiwa na upana wa mita 13 na nusu. Kina kisipungue mita 3, na kiwe sawa kwa njia zote. Uwanja wenye mita 3 huku na mita 6 kule si uwanja wa haki. Kingo zake hufanywa kwa mteremko au kwa mawe, si kwa ukuta wa kusimama wima, ili wimbi likifika life badala ya kurudi kuwasumbua wapigaji. Pembeni huachwa maji ya kurudia, ili anayekwenda kujinyoosha asikutane na anayeshindana. Ukitaka kuuona urefu huo kwa macho yako, mchukue mwanao Jumapili jioni mkazunguke uwanja wa riadha mara tano. Upana wa njia sita ni mita 81, karibu sawa na urefu wa uwanja mdogo wa kandanda.

Na njia zenyewe hutenganishwaje juu ya maji? Kwa kamba na maboya. Waya hunyoshwa chini ya uso wa maji tangu mwanzo hadi mwisho, na kwenye waya hufungwa maboya madogo ya rangi, moja baada ya jingine, hata uso wa maji ukaonekana umepigwa mistari kama daftari la hesabu. Utaratibu huu huitwa Albano, kwa jina la ziwa lililo karibu na Roma ambako ulitumiwa katika Olimpiki ya 1960. Naomba ulishike jina hilo, ndugu msomaji, kwa maana Albano haikuchimbwa na mtu. Ni ziwa la asili lililokaa ndani ya shimo la volkeno ya kale. Waitaliano hawakuleta katapila, walileta kamba.

Kabla hatujaendelea, yatupasa tutenganishe michezo miwili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kiswahili chetu, namshukuru aliyekibuni, kilikwisha kufanya kazi hiyo zamani. Watu wa pwani wana kafi na wana kasia. Kafi ni ule ubao mfupi unaoshikwa kwa mikono miwili, haujafungwa popote, na mpigaji hutazama mbele anakokwenda. Kasia ni refu, limeegemezwa ubavuni mwa chombo, na mvutaji huketi akitazama nyuma, hivyo huuona mwanzo wa safari yake na wala hauoni mwisho. Huku ziwani vyote viwili tunaviita kasia, na hakuna anayekosa kuelewa. Lakini duniani ni michezo miwili yenye vyama viwili. Wavuta makasia ndio wenye zile mita 2,000. Wapiga kafi hushindana mita 200, 500 na 1,000, katika njia tisa zenye upana wa mita 9 kila moja. Piga hesabu utaona kwamba tisa mara tisa ni 81, kiasi kile kile cha njia sita za makasia. Uwanja mmoja hutosha kwa wote.

Sasa angalia. Katika mbio za kafi kuna aina ambayo mpigaji hupiga goti moja ndani ya mtumbwi ulio wazi, akapiga maji upande mmoja tu kwa kafi lenye ubapa mmoja. Chombo chake ni chembamba mno, na kwa mgeni hupinduka kabla hajamaliza kukaa. Walakini kazi ya mabega, ya mgongo na ya kiuno, na ile hila ya kukizuia chombo kisigeuke wakati unapiga upande mmoja, hiyo mvuvi wa Kiriba anaifanya tangu utotoni. Mtu wa Ulaya hufundishwa hilo klabuni akiwa na miaka kumi au zaidi. Simaanishi kwamba mvuvi angeshinda kesho. Wanaume walio bora duniani humaliza mita 1,000 za namna hiyo kwa muda wa dakika 4 hivi, na hawafiki hapo kwa mchezo. Ninachosema ni kwamba hatuanzi na sifuri.

Kwa habari ya mifereji ya kuchimbwa, usidhani kwamba fedha hununua utulivu. Wagiriki walijenga uwanja wao Schinias, karibu na Marathon, kwa ajili ya Olimpiki ya 2004, huku wapenda mazingira wakilalamika kuwa hapo ni kinamasi cha ndege. Mwaka mmoja kabla ya michezo, katika mashindano ya vijana, upepo ulivuma hata mashua zikajaa maji. Mwaka 2016 Wabrazili waliamua kutumia ziwa la asili lililo katikati ya mji wa Rio de Janeiro. Siku ya kwanza mashua ya Waserbia ilipinduka, na siku ya pili mbio zote ziliahirishwa kwa sababu ya upepo. Wajapani nao walijenga njia yao ndani ya maji ya bahari mjini Tokyo, wakaweka vifaa vinavyoelea ili kuvunja mawimbi. Vifaa hivyo vikaanza kuzama. Walipotazama wakakuta chaza wamejishika humo, tani zipatazo 14, na kuwaondoa kuligharimu yeni milioni 140. Huenda ni chaza ghali kuliko wote waliopata kuvuliwa, na habari zinasema hawakuliwa.

Wenye kuuendesha mchezo huu wanalijua jambo hilo, ndiyo maana upepo wa ubavuni ukizidi huruhusiwa kupanga upya njia, walio na muda bora wakapewa zile zilizokingwa. Yaani hata pale palipochimbwa kwa mamilioni, mwisho wa yote ni binadamu kutazama bendera inavyopepea na kuamua.

Ipo hadithi nyingine iliyo karibu nasi zaidi. Kathleen Noble ndiye mpiga makasia wa kwanza wa Uganda kushiriki Olimpiki, katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Alikulia Uganda, nchi inayogawana ziwa hili na sisi na Kenya. Unadhani alijifunzia makasia katika ziwa hilo? La. Alijifunza alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, katika ziwa liitwalo Carnegie, ambalo lilitengenezwa kwa kuziba mto na kumalizika mwaka 1906, kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie, ili wanafunzi wapate mahali pa kupigia makasia bila kugombania mfereji na majahazi ya mizigo. Mtu ametoka penye ziwa kubwa kuliko yote Afrika akaenda kujifunza makasia katika bwawa la chuo. Hilo halimpunguzii sifa hata kidogo. Linatuambia tu kitu gani kilikuwapo kule na hakikuwapo huku.

Waganda hao hao, kwa upande mwingine, wana mbio za mitumbwi za koo ambazo hufanyika mbele ya Kabaka, nazo zina mizizi mirefu. Henry Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875 aliukuta ufalme huo ukiwa na mamia ya mitumbwi ya vita, iliyoshonwa kwa kamba na yenye omo iliyochomoza mbele. Kwetu nako hamna uhaba wa mashindano. Kwa miaka kadhaa Kanda ya Ziwa ilikuwa na mbio za mitumbwi zilizodhaminiwa na wenye bia ya Balimi, zikipita Musoma, Ukerewe, Mwanza na kwingineko, wanaume kwa wanawake. Katika jimbo la Musoma Vijijini kupiga kasia kumekuwa miongoni mwa michezo inayokusanya vijiji wakati wa sikukuu, pamoja na ngoma. Filimbi hulia, mitumbwi hutoka ufukoni, huenda hadi kwenye alama na kurudi, na kelele za wanaotazama huweza kusikika mbali.

Ni furaha kubwa, na asiwepo mtu wa kuiondoa. Lakini mwishowe tunajua nini? Tunajua nani alimtangulia nani siku ile. Mtumbwi wa huyu ulikuwa mrefu kuliko wa yule, mmoja ulikuwa mpya na mwingine umenyonya maji, alama iliwekwa mahali ambapo mtu aliona panafaa, na upepo ulibadilika kati ya mbio za kwanza na za mwisho. Mwaka unaofuata alama huwekwa mahali pengine. Kijana aliyeshinda mara tatu hawezi hata kujua kama ameongeza mbio au amepunguza. Na mtu wa nje akitaka kumsaidia hana la kuandika kwenye karatasi.

Mji wa Ubaitaba, katika jimbo la Bahia nchini Brazil, upo kando ya mto na jina lake lina maana ya mahali pa mitumbwi. Huko alizaliwa Isaquias Queiroz, mtoto wa familia maskini, ambaye utotoni alianguka kutoka juu ya mti akapoteza figo moja. Alianza kupiga kafi katika mradi wa michezo wa watoto hapo mjini kwao. Mwaka 2016 alipata medali tatu katika Olimpiki moja, na huko Tokyo akatwaa dhahabu ya mita 1,000. Haukuwa mfereji wa kuchimbwa uliomlea, ni mto wa kwao. Lakini juu ya mto huo palikuwa na mwalimu, palikuwa na vyombo vya namna moja, na palikuwa na umbali unaojulikana.

Basi tulitazame ziwa letu bila kulisifu kupita kiasi. Upande huu wa mashariki asubuhi huwa ndiyo wakati wa maji kutulia. Dhoruba za Ziwa Victoria hupenda usiku, na jua likipanda na nchi kavu ikipata joto, upepo wa ziwani huanza kuvuma kuelekea pwani. Alasiri mawimbi huwa yamekwisha kuamka. Kwa hiyo saa za kupima mbio ni tangu kupambazuka hadi kama saa nne. Ubaya wake ni kwamba hizo ndizo saa ambazo wavuvi wanarejea na mialo imejaa. Ukinyosha waya na maboya mbele ya mwalo, nyavu zitanasa na mashine za mitumbwi zitakata waya, na haki itakuwa ya mvuvi, maana yeye yuko kazini na wewe umekuja kucheza. Kwa maoni yangu hakuna uwanja wa maji utakaodumu Majita ikiwa wavuvi hawakuulizwa kwanza upite wapi. Wagiriki waligombana na wapenda ndege. Sisi tungegombana na chakula cha watu.

Tena ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 2006 lilikuwa limeshuka sana. Mwezi Mei 2020 likapanda kuliko hata ile rekodi iliyosimama tangu 1964, na mwaka 2024 likapita hapo tena. Kati ya mshuko ule na mpando huu kuna karibu mita 3. Yeyote atakayejenga jukwaa la saruji ukingoni, ama litazama, ama litabaki nchi kavu likichungulia maji kwa mbali. Gati la mbao linaloelea juu ya mapipa lingepanda na kushuka na ziwa lenyewe. Ongeza magugu maji, ambayo huja na upepo na kuondoka na upepo, na hufunga ghuba nzima kwa siku chache. Ongeza mamba. Ongeza kichocho, ambacho konokono wake hupenda hasa maji yaliyotulia kwenye majani ya ufukoni, yaani pale pale ambapo mtu angependa kuwafundishia watoto. Hayo yote yana dawa, lakini dawa yake lazima iwe ndani ya mpango tangu siku ya kwanza.

Pamoja na hayo yote, kuna ghuba ndogo nyingi kando ya Majita ambazo vilima na miamba huzikinga. Sidai kwamba mojawapo ingefaa kwa mashindano ya dunia, na sioni haja ya kuanzia huko. Mita 2,000 zenye njia nane, mnara wa waamuzi na kamera ya mwisho wa mbio ni mzigo ambao hata nchi tajiri huubeba kwa kuugua. Lakini mita 500 zilizonyooka zinahitaji nini? Kamba iliyopimwa nchi kavu kwanza, kwa futi kamba, mbele ya mashahidi. Nanga za mawe, ambayo Majita haina upungufu nayo. Maboya yanayofanana, yale yale yanayofungwa kwenye nyavu. Mtu wa kupima kina kwa mti au uzi wenye risasi katika kila njia, na kukataa mahali palipopungua mita 3. Mitumbwi minne au sita iliyochongwa na fundi mmoja kwa kipimo kimoja, isiyotumika kwa kazi nyingine. Saa mbili za kupimia mbio, kwa sababu moja hukosea. Na daftari.

Daftari hilo ndilo ninalolitilia mkazo. Tuseme kijana wa Bwai amepita mita 500 kwa muda fulani mwezi wa Juni, maji yakiwa yametulia, na Septemba amepita kwa sekunde 6 pungufu katika mtumbwi ule ule. Hapo amekuwa mtu mwenye historia. Mwalimu wa michezo aliye Mwanza au Dar es Salaam anaweza kuzisoma namba hizo akaelewa, kama vile zamani mtu alivyoweza kusoma namba za wakimbiaji wetu.

Kuna jambo la pili, na kwa familia za ziwani ni zito kuliko medali. Mwezi Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, ng'ambo ya maji kutoka Majita, na watu zaidi ya 200 wakafa wakiwa wanaiona nchi kavu. Mwezi Julai 2023 mitumbwi iliyobeba watu waliotoka kanisani ilizama wilayani Bunda, mkoani huu huu wa Mara, na waliopotea wengi walikuwa watoto. Watu wanaoishi juu ya maji si lazima wawe wanajua kuogelea. Wengi hawajui, na jaketi la kujiokolea huonekana ni kitu cha abiria waoga. Sasa katika michezo ya kupiga makasia duniani kote, klabu inayojiheshimu haimpi mtoto kasia kabla hajaonyesha kwamba anaweza kuogelea akiwa amevaa nguo, na mashua ya uokoaji hufuata nyuma ya wanaojifunza. Uwanja wa mita 500 wenye kanuni hiyo ungekuwa, kwa siku nyingi za mwaka, mahali ambapo mtoto wa mvuvi anafundishwa kutokufa. Mzazi asiyejali medali angeweza kumleta mwanawe kwa sababu hiyo tu.

Na wasichana je? Zamani ungeambiwa kwamba mbio za mitumbwi za kupiga goti ni za wanaume, na Olimpiki yenyewe ilikuwa ikisema hivyo. Mbio hizo ziliwekwa kwa wanawake kwa mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo, na humo alikuwamo Ayomide Bello, Mnaijeria wa kwanza kushiriki Olimpiki katika mchezo huo. Kisiwa cha São Tomé, ambacho wakazi wake hawafiki hata robo milioni, kimepeleka mpiga kafi wake Buly Triste katika Olimpiki ya Rio na ya Tokyo. Kumbuka kwamba huku Kanda ya Ziwa wanawake walikuwa wamekwisha kushindana mitumbwini miaka mingi kabla wakubwa wa Olimpiki hawajawafungulia mlango.

Umbali aliokwenda kushindana Bello ulikuwa mita 200. Ni nusu ya mzunguko wa uwanja wa riadha. Wanawake wawili wa Kiriba, mmoja akishika mwanzo wa kamba na mwingine akitembea na mwisho wake juu ya mchanga, wanaweza kuupima kabla chai haijachemka.